Herufi Tatu

Huku Akita kura haipigwi kwa alama ya vema.
Unapewa penseli, unapewa karatasi,
uandike mwenyewe jina la unayemtaka.
Kwa mwenye mkono mtiifu ni kazi ya pumzi moja.
Wangu una akili zake.

Ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi;
theluji imefika madirishani.
Waliniwekea ubao kizingitini,
wakapangusa magurudumu kwa taulo, kushoto, kulia,
wakiomba radhi kila walipogusa,
kana kwamba magurudumu yanaumia.

Miaka ishirini na sita kadi yangu ilikuja kwa posta
ikakaa chini ya sumaku, mlangoni mwa friji,
hadi tarehe ipite.
"Tutawasumbua watu," mama alisema.
Mara moja tu tulikwenda. Wakaja wawili:
mmoja aandike, mmoja amchunge mwandishi.
"Tamka jina, Kuwabara-san."
Ulimi wangu nao haukimbii. Nikatamka. Hawakusikia.
Nikatamka tena. Ukumbi mzima ukanyamaza kwa adabu,
na kwa adabu hiyo hiyo ukasikia.
Aliyeshika penseli ni Hatakeyama wa ghala la mbolea,
mkwe wa mgombea niliyemkataa.
Aliandika nilichosema. Sina lawama.
Mwandiko mzuri kabisa.
Theluji ilipoyeyuka, mbolea ya mpunga wetu
ikachelewa wiki tatu.
Labda ni barabara.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi mimi ni mtungi wa kata nyingi:
Chizuru aniogeshaye Jumanne na Ijumaa
anajua kila kovu, hata yale nisiyoyaona;
afisa wa ustawi anajua salio langu benki;
daktari anajua choo changu kwa tarehe;
mama anajua nikilia,
maana ndiye afutaye.
Silalamiki. Nasema tu
hakuna mlango ndani yangu
ambao mtu hajaufungua, akawasha taa.

Kwa hiyo tangu Agosti,
penseli imefungwa kidoleni kwa mpira,
nikaandika migongoni mwa vipeperushi vya supamaketi:
upande huu bei ya samaki, upande ule mimi.
Herufi tatu. Sisemi zipi.
Moja imejikunja kama konokono,
ikanitesa hadi Novemba.
Nikiizungusha lilitoka yai,
likatoka jiwe,
ikatoka kamba ya kiatu iliyofunguka.

"Tukusaidie?" akauliza msimamizi.
Nikatikisa kichwa. Kichwa changu hutikisika hata nisipotaka,
hivyo akauliza tena.
"Mwenyewe," nikasema.
Hilo alilisikia.

Dakika kumi na nne.
Nyuma yangu foleni ikakohoa,
soksi zikahama mguu kwa mguu juu ya sakafu baridi.
Mtoto akauliza yule anafanya nini,
sauti ikamjibu, "Anaandika,"
nami nusura niangushe penseli kwa furaha.
Konokono akavuka mstari wa kisanduku,
pembe zake tu.
Watakaohesabu usiku watamtambua?
Sijui. Hadi leo sijui.

Karatasi ya kura ya huku ina tabia yake:
ukiikunja na kuitumbukiza,
hujikunjua yenyewe ndani ya sanduku.
Niliisikia, au nilitaka kuisikia,
ikijinyoosha gizani
katikati ya miandiko ya watu wenye haraka.

Garini mama akawasha kipasha joto.
Hakusema kitu mpaka darajani, mto ukiwa mweusi chini yetu.
"Umemwandika nani?"
Mwanamke huyu hunikata kucha.
Hunilisha uji nikiwa na homa, akiupuliza kwanza.
Nikageukia dirisha.
"Theluji inapungua," nikasema.

Ilikuwa inazidi.